Kocha Asiyepitwa

Mjomba wangu Kiplagat hakuwahi kukimbia kwenda shule. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza analoulizwa na Mmarekani yeyote akishajua kwamba mjomba ametoka Nandi, kule Bonde la Ufa. Mjomba hutabasamu tu, na yule Mmarekani hujijibu mwenyewe: maili kumi, miguu mitupu, kwenda na kurudi. Ukweli ni kwamba nyumba yao ilipakana na shule. Katikati palikuwa na ua wa michongoma, na kwenye ua palikuwa na tundu walilopitia kuku. Mama yangu, Abigail, ambaye ni dada yake mkubwa, anasema kengele ilikuwa ikilia mjomba bado anatafuta soksi, na bado anafika wa kwanza, akiwa na manyoya kwenye sweta. Siku za michezo yeye ndiye aliyewashikia wenzake nguo.

Huyo ndiye mtu ambaye ushirika wetu wa ibada wa hapa Gaithersburg, Amerika, ulimchagua kuwa kocha wa mbio.

Mjomba ana miaka arobaini na minne. Anafanya kazi kwenye kampuni ya dawa kando ya barabara ya 270, anatunza majokofu. Si majokofu ya maziwa. Ni yale makubwa, baridi yake ikikugusa ngozi inabaki huko. Kazi yake ni kuyasikiliza. Jokofu likibadilisha sauti kidogo, mjomba anajua kabla king'ora hakijalia. Labda ndiyo maana anatembea polepole hivyo, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Anaishi kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu, anapenda chai yenye maziwa mengi, na ana tumbo dogo la heshima ambalo Mama huliita "mtoto wa dada yake wa pili." Wa kwanza ni mimi, Chepngetich. Nilikuja Amerika nikiwa na miaka kumi na miwili, sasa ninayo kumi na sita, na bado sijamaliza kushangaa.

Ushirika wetu hukutana Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kanisa ambalo si letu. Tuko Wakenya, Watanzania, na familia chache za Wakongo ambao hutuacha mbali kwa kuimba. Miaka yote hiyo mjomba alikuwa mtu wa viti. Kabla ya ibada alivipanga, baada ya ibada alivikunja. Ukiuliza, "Yule ni nani?" ungejibiwa, "Si ndugu yake Abigail?" Basi, imeisha hapo.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwezi wa tano. Tulikuwa kwenye chai, na Anko Boniface akasimama na sambusa mkononi. Anko Boniface ni Mtanzania wa Mbeya, anafanya kazi ya kompyuta huko Falls Church, na kila siku huzunguka Beltway, ile barabara kuu ya mzingo, kwenda na kurudi akigombana na redio. Akatangaza kwamba mwezi wa kumi na moja angeenda Richmond kukimbia nusu marathoni, na mke wake, Anti Rosemary, pia. Sababu ilikuwa Cheryl. Cheryl ni bosi wake. Alikimbia nusu marathoni mwaka uliopita, akaitundika medali pembeni ya kompyuta yake, na kila mtu akienda kuuliza neno lazima kwanza aiangalie ile medali.

"Yeye alichukua masaa mawili na ushee," alisema Anko Boniface. "Mimi nataka chini ya mawili. Hata kwa sekunde moja. Nami nitatundika yangu. Swali ni, nani atatufundisha?"

Wallahi niliona vichwa vikigeuka. Vyote kwa pamoja, hadi vya Wakongo. Vilimgeukia mjomba, ambaye alikuwa amebeba viti vinne.

"Kiplagat," alisema Anko Boniface, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka funguo. "Si wewe ni Mkalenjin?"

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini ya nini tena!" alipaza sauti Njuguna, fundi wetu wa magari, ambaye hata siri huisema kwa kupiga kelele. "Huyo hata akilala anakimbia! Wakalenjin ni hivyo, wakizaliwa mkunga anawakimbiza!"

Watu wakapiga makofi. Mtu akampokea mjomba viti. Sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo: mtu alimpokea viti.

Kwenye gari nilimwuliza, "Mjomba, ulikuwa unataka kusema nini baada ya lakini?"

Aliendesha kidogo, akawasha taa ya kukata kona mapema mno. "Nimesahau," akasema.

Mazoezi yakawa Jumamosi asubuhi, kwenye njia inayozunguka ziwa karibu na kwetu. Wanariadha tulikuwa watatu: Anko Boniface, Anti Rosemary na mimi, kwa sababu Mama alisema kama mjomba anaenda kuaibika lazima awe na mtu wa ukoo. Mjomba alikuja na filimbi, na baiskeli. Baiskeli yangu, ya zambarau. Kila Ijumaa jioni nilimsikia huko chini akitazama video za makocha, akirudia maneno yao kwa sauti kama mtu anayejifunza katekisimu.

Kuna mlima pale, si mlima wa kweli, ni mwinuko ambao mtoto angepanda akila aiskrimu. Siku ya kwanza tulifika katikati, na mjomba, ambaye alikuwa mbele yetu kwa baiskeli, akaanza kuyumba. Shingo yake ililowa. Anko Boniface alikuwa anamkaribia. Hatua mbili zaidi na angempita, na akimpita angegeuka, na akigeuka angeona uso wa mjomba wangu, ambao wakati huo ulikuwa uso wa mtu anayefufuliwa.

Filimbi ikalia.

"Hakuna kumpita kocha!" alipaza sauti mjomba bila kugeuka.

Tulisimama wote. "Kwa nini, Kocha?" aliuliza Anko Boniface, kwa adabu kabisa.

Mjomba alichukua muda kujibu. Mimi nilijua anatafuta pumzi. Wao walidhani anatafuta hekima.

"Anayempita kocha," akasema hatimaye, "anakimbia na kiburi. Na kiburi ni kizito."

Anko Boniface aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baraka. Amelelewa na babu yake, anasema, na kwa babu yake ulikuwa ukikutana na mkubwa njiani unasogea pembeni na kusubiri. Kwamba amemzidi mjomba miaka miwili haikumsumbua. Kocha ni kocha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeipita ile baiskeli ya zambarau. Hata mjomba aliposimama kufunga kamba za viatu, nasi tulirukaruka palepale nyuma yake kama vyura watatu.

Kitu kilichonishangaza ni jinsi neno moja linavyoweza kumnyoosha mtu mgongo. Kabla ya Kocha, mjomba hakuulizwa chochote. Baada ya Kocha, aliulizwa kila kitu. Kocha, hii Toyota niiuze? Kocha, kijana wangu anataka kuacha chuo, unasemaje? Ndugu mmoja wa mji wa Bowie alimpigia simu kuhusu posa. Na mjomba alijibu! Alikunja mikono, akatazama dari, akasema, "Mlima haupandwi kwa hasira," na yule ndugu wa Bowie akamshukuru mara tatu. Nyumbani alianza kuimba bafuni. Mama akasema hajawahi kumsikia akiimba tangu walipokuwa wadogo.

Kwa hiyo nilipomwuliza, nilimwuliza kwa upole.

"Mjomba, utawaambia lini?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba hujawahi kukimbia. Hata kidogo."

"Chepngetich, kocha wa mpira huingia uwanjani?"

"Hapana."

"Mwalimu wa kwaya huimba sauti zote nne?"

"Hapana, lakini..."

"Ahaa," akasema mjomba. "Hiyo lakini yako, hata mimi nilikuwa nayo. Unaona hawaisikilizi."

Na lazima niseme haki: walikuwa wanaendelea vizuri. Zile video si za bure. Anti Rosemary, ambaye ni muuguzi, alianza kupanda ngazi za hospitali akiwaacha madaktari vijana. Anko Boniface alipungua hadi mashati yakawa yanampigia makofi, na mwezi wa kumi saa yake ya mkononi ilimwambia kwamba Cheryl anapitika. Alituonyesha ile saa kila baada ya dakika tano. Kilichobaki ni Richmond tu, na huko mjomba angesimama pembeni na filimbi, apige kelele, tupige picha, turudi. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Tuliondoka Ijumaa, kwenye gari la Anti Rosemary, yeye akiendesha, maana Anko Boniface akiendesha watu wote barabarani huwa ndugu zake waliomkosea. Nyuma kulikuwa na unga wa ugali, sufuria na jiko dogo la umeme, kwa kuwa Kocha alikuwa amesema mbio bila ugali ni matembezi. Safari ya masaa mawili na zaidi kidogo ilituchukua manne. Kabla ya Fredericksburg magari yalisimama kabisa, hata nikaweza kumsoma dereva wa pembeni yetu midomo. Alikuwa anasali au anatukana.

"Kocha," alisema Anti Rosemary, "kesho tukianza, mwendo uwe vipi?"

"Mwanzo taratibu," akasema mjomba kutoka kiti cha nyuma, mikono imekunjwa. "Mwanzo ni wa wajinga."

"Umesikia, Baba Tito?" alimwuliza mumewe.

"Nimesikia, mama. Mwanzo ni wa wajinga."

Tulipofika mjini tulikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kuchukulia namba. Watu walikuwa maelfu, wote wembamba, wote wanatafuna kitu. Anko Boniface alichukua yake, Anti Rosemary yake, mimi yangu. Kisha wakatazamana wale wawili, wakaanza kucheka chini chini, na Anko Boniface akatoa mgongoni namba ya nne.

"Kocha," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, "sisi tumekaa tukaona si haki. Miezi yote sita unatupa muda wako, halafu simba awekwe pembeni anatazama swala? Tumekusajili."

Chini ya namba, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa KOCHA.

Mjomba aliishika ile karatasi kama mtu aliyeletewa wito wa mahakama. "Lakini," akasema, "sikuja na viatu."

"Viatu tumenunua!" alishangilia Anti Rosemary. "Namba kumi. Chepngetich ndiye aliyetuambia."

Mjomba akanigeukia. Naapa mimi nilidhani ni zawadi ya Krismasi.

Jioni hiyo Anti Rosemary alisonga ugali kwenye chumba cha hoteli, dirisha wazi, Anko Boniface akipepea taulo chini ya king'ora cha moshi. Nilimkuta mjomba chumbani kwake, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa vile viatu vipya. Vilikuwa vya rangi ya chungwa. Alikuwa anavitazama kama vinaweza kuanza bila yeye.

"Waambie sasa," nikasema. "Watacheka, basi."

"Hawatacheka." Alisugua magoti. "Wewe hujui. Jumapili ijayo nitarudi kwenye viti. Si kwamba viti ni vibaya. Lakini mtu akishaitwa jina, akirudishwa kwa lile la zamani..." Halafu uso ukang'aa. "Goti! Kesho nitasema ni goti."

Kwa hiyo asubuhi, kwenye mstari wa kuanzia, baridi ikituuma masikio, spika zikipiga muziki, mjomba alikunja uso na kuinama. "Aisee, goti langu..."

Hakufika mbali. Anti Rosemary alikuwa ameshapiga magoti kwenye lami, ameshalishika lile goti kwa mikono miwili, analikunja, analikunjua, analigonga. Alifanya kazi miaka sita na wagonjwa wa mifupa.

"Goti zima hili, Kocha," akasema akinyanyuka. "Ni woga tu. Hata mabingwa huwa nao."

"Kumbe na wewe ni binadamu," alisema Anko Boniface, akampiga begani kwa upendo. Kisha bunduki ikalia.

Ninyi hamjamwona mjomba akikimbia, kwa hiyo nitajaribu. Juu alikuwa mwanariadha: kifua mbele, viwiko vimekunjwa kama kwenye video. Chini alikuwa mtu anayevuka barabara huku ameshikilia suruali. Alikwenda vizuri hadi muziki wa spika ulipoacha kusikika. Baada ya hapo akawa anakimbia hatua kumi na kutembea ishirini, akipumua kama pampu ya baiskeli.

Na sisi nyuma yake. Wote watatu. Kwa mstari.

Watu walitupita kulia, wakatupita kushoto. Wasichana wa chuo walitupita wakipiga hadithi. Bibi mmoja wa nywele nyeupe alitupita, akamwambia mjomba, "Unaendelea vizuri, mpenzi." Baba mmoja alitupita akisukuma mapacha. Pembeni wenyeji walikuwa wamesimama na vikombe vya kahawa na mabango. Moja lilisema, kwa Kiingereza, kwamba hata mwenye bango angependa kurudi kitandani.

"Baba Tito," alinong'ona Anti Rosemary, "saa inasemaje?"

"Nyamaza, mama. Kocha anatutunzia nguvu. Mwanzo ni wa wajinga."

Lakini sauti yake haikuwa na uhakika. Nilimwona akiangalia saa, akiangalia mgongo wa mjomba, akiangalia saa. Miguu yake ilikuwa inachezacheza kama ya ng'ombe aliyeona majani ng'ambo ya ua. Angeweza kumpita mjomba kwa hatua tatu. Barabara ilikuwa pana, ingetosha malori manne. Hakuna aliyemzuia ila adabu yake mwenyewe, na ile filimbi ya mwezi wa tano.

Kisha akatupita mtu aliyevaa kama ndizi. Ndizi nzima, ya njano, macho yanaonekana kwenye tundu.

"Kocha," alisema Anko Boniface. "Hata ndizi?"

"Hata... ndizi," alijibu mjomba kwa pumzi aliyobakiwa nayo.

Tukaenda kidogo hivyo. Halafu mjomba akageuka. Nadhani alitaka tu kuona tuko umbali gani. Alimwona Anko Boniface: mtu mwenye nguvu kama injini, anarukaruka palepale, macho yamekodolea ile ndizi inavyopotelea kwenye kona, na mbele yake miezi sita ya Jumamosi inamwagika barabarani. Mjomba aliutazama ule uso, sijui kwa muda gani. Kisha akatoka barabarani, akasimama kwenye majani.

Sisi nasi tukatoka, tukasimama kwenye majani.

"Endeleeni," akasema.

"Tunakusubiri, Kocha."

"Msinisubiri. Boniface, nisikilize. Mimi si mkimbiaji. Sijawahi kuwa. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukimbia tangu nizaliwe, na ninavyojisikia huenda ikawa ya mwisho."

Anko Boniface alimtazama, akamtazama mke wake, na taratibu tabasamu likamjia. "Unaona, mama? Anatupima."

"Sipimi mtu! Mimi naambia nyinyi ukweli!"

"Kocha bwana. Unyenyekevu gani huu."

"Aki huyu mtu!" Mjomba alishika kichwa. "Boni, shule ilikuwa hapa, nyumba ilikuwa hapa. Hapa na hapa! Ningekimbia kwenda wapi? Siku za mbio mimi nilishika sweta. Ile mambo yote nilitoa kwa video. Ile ya kiburi ni kizito nilikuwa nimekosa pumzi!"

Tabasamu la Anko Boniface halikuondoka. Lilibaki pale limesahaulika, kama taa iliyoachwa ikiwaka. Akanigeukia. "Binti, ni kweli?"

Nilimwangalia mjomba. Akaitikia kwa kichwa: sema.

"Ni kweli, Anko. Alikuwa anapita kwenye tundu la kuku."

Anti Rosemary alitoa sauti ambayo sitaisahau, kama birika linalochemka, akageukia mti na mabega yakaanza kumtetemeka. Anko Boniface hakucheka. Alisimama tu. Na hapa ndipo niliposhangaa kuliko siku zote: hata baada ya kuujua ukweli, hakuondoka. Alirudi barabarani, akafika usawa wa mjomba, akakwama.

"Nenda!" alisema mjomba. "Nipite!"

"Siwezi."

"Utawezaje kukosa kuweza? Barabara hiyo!"

"Kiplagat, nimeshazoea! Mguu unakataa!"

Watu wa pembeni walianza kutupigia makofi, wakidhani tumeumia. Mjomba aliitazama barabara kwa mbele, akaitazama kwa nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani halikuwa kwenye video yoyote. Akashuka kwenye lami na kuanza kukimbia kuelekea tulikotoka. Mikono juu, akiomba radhi kulia na kushoto, "Samahani, samahani," katikati ya umati uliokuja kumkabili, viatu vya chungwa vikipiga lami, hadi alipokuwa hatua thelathini nyuma yetu. Hapo akageuka.

"Sasa niko nyuma!" alipaza sauti. "Hujanipita! Mimi ndiye nimerudi! KIMBIA!"

Na Anko Boniface akafyatuka. Sijawahi kuona mtu akiondoka hivyo. Anti Rosemary akamfuata huku bado anafuta machozi ya kicheko.

Sisi wawili tulibaki. Tulitembea, tukikimbia kidogo kwenye miteremko. Tulizungumza juu ya kila kitu. Mjomba alinieleza jinsi jokofu linalokaribia kufa linavyokohoa. Aliwasalimia polisi wote. Kwenye daraja alisimama kuutazama mto, na nilipomwambia gari la kuokota waliochoka liko nyuma yetu, alisema liko mbali, na mto ni mzuri. Hakuongea juu ya wale wawili isipokuwa mara moja, tulipokunywa maji.

"Unadhani atawahi?"

"Sijui, Mjomba."

"Anaweza," akasema. "Akiweka mabega chini. Huwa anasahau mabega."

Tulimaliza. Nyuma yetu kulikuwa na watu wachache, na yule bibi wa nywele nyeupe alikuwa ameshamaliza, ameshakunywa supu, na alitupigia makofi. Anko Boniface alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, medali shingoni, blanketi la karatasi inayong'aa mabegani. Saa yake ilisema masaa mawili na dakika tisa. Hakuna aliyeuliza hizo tisa zilibaki wapi. Zilibaki kwenye majani.

"Pole sana, Boniface," alisema mjomba.

"Asante," alisema Anko Boniface, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo kwa mji mzima wa Richmond.

Kwenye gari hakuna aliyewasha redio. Mjomba alikaa nyuma nami, ametazama dirishani, na nilijua anachokiona: ukumbi, Jumapili, viti. Fredericksburg ilipita. Anti Rosemary alijaribu habari ya hali ya hewa, ikafa. Tulipokaribia Springfield, pale tunapotakiwa kuchukua Beltway kwenda nyumbani, Anko Boniface aliongea bila kugeuka.

"Kwa nini hukusema?"

Mjomba alifikiri. "Hamkuniuliza kama ninakimbia," akasema. "Mliniuliza natoka wapi."

Nilihesabu malori. Kisha Anko Boniface alikohoa.

"Pale kazini," akasema, "Cheryl anaamini nimepanda Kilimanjaro."

Anti Rosemary alimgeukia. "Anaamini nini?"

"Mara mbili."

"Wewe! Wewe wa Mbeya?"

"Aliniuliza natoka nchi gani, nikasema Tanzania, akasema waaoo, Kilimanjaro. Nikatabasamu tu. Ningefanyaje?"

"Lakini mlima wenyewe umeshauona?" aliuliza mjomba.

"Nimeuona. Kwa dirisha la ndege." Anko Boniface aliichezea medali. "Kulikuwa na mawingu."

Mabega ya Anti Rosemary yalikuwa yameshaanza kutetemeka.

"Na mwakani," aliendelea Anko Boniface, sasa sauti imekuwa ndogo sana, "ofisi nzima inataka kwenda. Watu kumi na wawili. Mimi ndiye niwaongoze."

Mjomba aliegemea mbele, akaweka mkono kwenye kiti chake. "Basi, Boni," akasema, "utahitaji kocha."

Aliyeanza kucheka ni Anko Boniface mwenyewe, kicheko cha pua kwanza, kama mtu anayekataa, halafu kikamshinda na kumkunja hadi medali ikagonga dashibodi. Anti Rosemary alicheka mpaka hakuona kibao wala kona, na tulipopata pumzi tulikuwa juu ya daraja refu la Potomac, magari mbele na nyuma, tunaelekea Baltimore badala ya nyumbani.

"Jamani, nimepotea!" alipiga kelele. "Kocha, nipite wapi?"

"Sijui, Mama Tito," alisema mjomba, akijifuta macho. "Kwa kweli kabisa, sijui."